Maziko ya Mtini

Novemba, kabla ardhi haijawa chuma,
fundi Gesualdo hufunga kibanda chake cha viatu saa sita
akabisha milango ya Mtaa wa Spruce, mmoja mmoja:
"Kesho tunazika."
Hakuna anayeuliza nani kafa.

Mtini wake ulikuja kutoka Kalabria ukiwa kijiti,
umeviringishwa soksi mbichi,
ukapita forodha ndani ya suruali ya mtu
aliyejifanya anaumwa nyonga.
Hapa Providence theluji haina adabu,
haipigi hodi, haiulizi umetoka wapi.
Mti wa jua usipolazwa chini, haufiki Pasaka.

Basi Jumapili baada ya misa tunakuja na majembe.
Muuza samaki anakuja na aproni yake na magamba yake.
Wacheza karata wanazilaza kifudifudi,
kila mmoja akimwonya mwenzake asichungulie.
Kutoka ghorofa ya tatu Bi Ortensia
anateremsha kikapu kwa kamba: mkate, soseji,
na maneno, maneno mengi kuliko mkate:
"Kushoto! Mnamvunja! Mbona mnamvuta kama deni?"

Mizizi ya upande mmoja inakatwa.
Ya upande wa pili inaachwa, ndiyo bawaba.
Wanaume sita wanaukumbatia, wanauinamisha polepole
kama wanaomlaza mlevi mwenye mwili,
mpaka matawi yanaugusa mfereji.
Kisha nguo.
Kila nyumba hutoa yake. Zulia lililoliwa na panya.
Pazia. Fulana za watoto waliokua kabla ya wakati.
Mimi nilipeleka gunia la makaa.

Mwaka ule Assuntina alishuka na koti la Saverio.
Zito, la sufu, vifungo vyote vipo.
Saverio, aliyepaka vikuku vya kiwandani dhahabu ya uongo
hadi mapafu yakamgomea,
hakuwa na miezi miwili kaburini.
Mtaa ukanyamaza, hata farasi wa muuza barafu.
Mtu akasema, "Liuze, dada. Baridi inakuja."
"Aliyekula tini nyingi hapa ni yeye," akasema.
"Deni ni deni."
Akaingia shimoni mwenyewe, akalivisha shina,
akafunga vifungo. Vyote. Hata cha shingoni.

Majani makavu. Udongo. Bati. Ndoo juu yake.
Paroko akapita, akajifanya hakuona
watu wazima wamevua kofia mbele ya mti.

Baridi yenyewe siisimulii.
Kikapu cha Bi Ortensia kiliganda hewani siku mbili,
katikati ya safari, na kitunguu kimoja ndani.

Aprili tukafukua.
Mti ukainuka ukipepesuka, kijivu,
udongo masikioni, umevaa koti.
Watoto walicheka kwanza. Halafu sisi.
Assuntina alikuwa wa mwisho kucheka
na ndiye aliyeshindwa kuacha.

Akalifua mara tatu. Akalianika kwenye kamba
inayovuka mtaa toka dirishani kwake,
na kwa wiki nzima Saverio alining'inia juu yetu
mikono wazi, akidondoshea mikokoteni maji,
na kila aliyepita chini alimwamkia:
"Za asubuhi, Saverio. Umelalaje?"
Upepo ukija, alijibu kwa mkono mmoja.

Lakini mgongo ulikuwa umeoza. Akachukua mkasi.
Mikono ikaenda kwa fundi Gesualdo, ikawa soli za ndani,
ikatembea mtaani miguuni mwa watu wasiojua.
Kipande cha kifuani kikawa kofia yangu.

Agosti nilipanda mtini nimeivaa,
nikajaza shati, nikaenda kumgongea.
Assuntina akafungua. Hakunitazama mimi,
aliitazama kofia.
"Umechelewa," akaiambia.
"Zimeiva tangu juzi."